Barua ya wazi kwa viongozi wa vyuo vya masafa: kamusi za wanafunzi zinahitaji ofisi ya kudumu

Tanga

Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, Wakuu wa Vitivo, Wakurugenzi wa Taasisi za Lugha na Maofisa Utumishi wa vyuo vikuu vinavyofundisha kwa masafa.

YAH: KAZI YA KAMUSI ZA WANAFUNZI WA MASAFA NA UONGOZI WA WATUMISHI WANAOIFANYA

Ndugu viongozi wetu,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari cha hapo juu. Sisi ni wahariri wa kamusi, wahariri wa moduli na wakufunzi tunaofanya kazi mkoani Tanga. Tunawaandikia kwa uwazi kwa sababu jambo hili linawagusa wanafunzi wengi waliotawanyika, na kwa sababu maamuzi yanayohitajika yako mezani kwenu.

Ombi letu ni moja. Kamusi ya istilahi za mwanafunzi wa masafa ipewe ofisi ya kudumu, yenye mhariri mkuu aliyeteuliwa kwa barua, ambaye saa zake za kazi zimehesabiwa na ambaye neno la mwisho juu ya kila kitomeo, yaani kila neno pamoja na maelezo yake ndani ya kamusi, ni lake. Yote tunayoyaeleza hapa chini yanatoka kwenye ombi hilo au yanarudi humo.

Mwanafunzi wa darasani asipoelewa neno huinua mkono, au humuuliza aliyekaa pembeni yake. Wa masafa hana wa pembeni. Yuko Handeni, Pangani au Mlalo, ametoka kazini, anafungua moduli, yaani kitabu chake cha kozi, saa nne za usiku. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ili mtu wa namna hii asome bila kuacha kazi wala kuhama mji, na kinachomfikia huko aliko kwa sehemu kubwa ni maandishi. Nyumbani kwake huenda wanasema Kisambaa, Kibondei, Kizigula au Kidigo. Sokoni na ofisini anatumia Kiswahili. Moduli nyingi ziko kwa Kiingereza, na nyingine zimetafsiriwa na watu watatu tofauti wasiowahi kukaa meza moja. Neno likimkwama, linamkwama mpaka asubuhi, na mara nyingi linabaki limekwama mpaka siku ya mtihani.

Chukueni neno uwiano. Katika moduli ya hesabu za biashara linaelezwa kuwa sehemu kwa sehemu: lita 3 za hiki kwa lita 1 ya kile. Katika moduli ya takwimu ya muhula huohuo linabeba maana ya vitu viwili kupanda au kushuka pamoja, na kipimo chake hakipandi juu ya 1 wala hakishuki chini ya -1. Mwanafunzi aliyeishika maana ya kwanza anakutana na uwiano wa -0.6 kwenye karatasi ya mtihani na kudhani karatasi imekosewa. Hakuna mwandishi hata mmoja aliyekosea hapo. Kila mmoja alikuwa sahihi ndani ya moduli yake. Kilichokosekana ni mtu mwenye kazi ya kuzisoma moduli zote mbili kwa pamoja na mamlaka ya kusema: kuanzia muhula ujao, neno hili ni la maana hii, na ile nyingine itaitwa hivi.

Au dhamana. Mshtakiwa anapewa dhamana, mkopo unawekewa dhamana, wizara ina waziri mwenye dhamana. Anayesoma biashara yenye somo la sheria na somo la utawala anakutana na zote tatu ndani ya mwaka mmoja. Kamusi ya jumla humworodheshea maana hizo na kumwachia achague mwenyewe. Kamusi ya kozi lazima imwambie ipi ni ya wapi.

Hatuanzi patupu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, ikatoka tena 2004 na 2013. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa imeshachapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi hizi ndizo tunazosimamia juu yake kila siku, na wazee walioziandika tunawaheshimu. Lakini angalieni nafasi iliyopo kati ya 1981 na 2004: miaka 23. Moduli ya teknolojia ya habari haiwezi kusubiri miaka 23. Kwa hiyo chuo cha masafa lazima kiwe na kazi yake ya ndani, ndogo kuliko kamusi za taifa na ya haraka zaidi, inayochukua kilichokwisha kusanifiwa na kujaza kilichopungua.

Tatizo ni jinsi kazi hiyo inavyopangwa. Utaratibu tunaouona mara nyingi ni huu: inatengwa bajeti ya warsha, wanaalikwa watu 25 kutoka idara mbalimbali, wanakaa hotelini siku tano, wanatoka na jedwali la maneno 900 lenye safu mbili, Kiingereza na Kiswahili. Hakuna fasili, hakuna mfano, hakuna ngeli, hakuna namba ya toleo. Jedwali linatumwa kwa barua pepe kwa kila mtu, na baada ya miezi sita kila mtu ana lake.

Tufanye hesabu. Tuseme moduli za mwaka wa kwanza za kitivo kimoja, baada ya kuchuja, zinatoa vidahizo 1,200, yaani maneno 1,200 ya kuingizwa kwenye kamusi. Kwa kila kimoja mhariri anatafuta sentensi zilizokitumia ndani ya moduli, analinganisha na kamusi zilizopo na istilahi zilizosanifiwa na BAKITA, anaandika fasili ya Kiswahili, anaweka mfano kutoka kwenye somo lenyewe, anaandika kisawe cha Kiingereza, ngeli na wingi. Tukadirie dakika 40. Hizo ni saa 800. Kazi ya namna hii mtu huifanya vizuri kwa saa tano kwa siku. Akizidisha hapo fasili zinaanza kufanana na mifano inakuwa ya kubuni. Kwa hiyo ni siku 160, yaani miezi minane ya kazi ya mtu mmoja. Mtaalamu wa somo akikipitia kila kitomeo kwa dakika 10, ni saa 200. Kusoma prufu dakika 5, saa 100. Ikiongezwa lugha ya tatu, dakika 20 kila kitomeo, saa 400.

Sasa mpeni kazi hiyohiyo mhadhiri mwenye madarasa manne na wanafunzi wa tasnifu, mkamwambia aifanye "akipata nafasi". Tuseme anapata saa tatu kwa wiki. Saa 800 kwa saa tatu ni wiki 267, zaidi ya miaka mitano. Kabla hajafika herufi M, moduli aliyoanza nayo imeshabadilishwa.

Na warsha? Watu 25 kwa siku tano, ukiongeza siku mbili za safari, ni siku-kazi 175. Mhariri mmoja alihitaji 160 kumaliza rasimu yote. Chuo kimeshalipa gharama ya kamusi nzima, pamoja na posho na ukumbi, na mkononi kina jedwali la safu mbili. Warsha ina mahali pake: siku mbili, watu wasiozidi wanane, kuamua vitomeo 60 au 70 vilivyoshindikana kwa maandishi. Itanguliwe na kazi ya mhariri.

Kwamba ofisi ya kudumu ndiyo inayozaa kamusi, historia yetu wenyewe inaonyesha. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyounganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar iliundwa mwaka 1930. Ilikuwa ya kikoloni, na kosa lake kubwa mwanzoni lilikuwa kuwaweka wenye lugha pembeni ya maamuzi ya lugha yao. Lakini ilikuwa na katibu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Frederick Johnson, katibu huyo aliyeisimamia kamusi ya Kiswahili ya kamati, alikuwa ameshafariki ilipochapwa 1939, na bado ilitoka, kwa kuwa kazi ilikuwa ya ofisi. Jiulizeni leo: mhariri wenu akihamishwa au akistaafu mwezi ujao, rasimu iko wapi? Kwenye seva ya chuo, au kwenye kompyuta mpakato yake ya nyumbani?

Wenzetu wa Afrika Kusini wana mengi ya kutufundisha, mazuri na magumu. Huko UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, inafundisha kwa masafa tangu 1946, na lugha rasmi za nchi sasa ni 12, baada ya lugha ya alama kuongezwa mwaka 2023. Kila lugha rasmi ya awali ilipewa kitengo chake cha kamusi, chenye mhariri mkuu na watumishi. Hilo ni zuri. Gumu ni kwamba umbo moja la kamusi halikai sawa kwa lugha zote. Kamusi kubwa ya Kizulu ya Doke na Vilakazi, ya 1948, hupanga maneno kwa mashina: anayetafuta umfundi lazima ajue kuivua um- kisha aende kwenye herufi f. Msomi wa isimu hana shida nayo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafungua herufi u, halioni neno, anafunga kitabu. Tena Kizulu huandikwa viambishi vikiwa vimeungana na shina, na lugha za Kisotho huandika vingi kwa kuvitenga, hivyo hata kuhesabu "neno" ni kazi mbili tofauti. Kiongozi anayeagiza jedwali moja lijazwe kwa lugha zote ifikapo Ijumaa anaagiza kitu ambacho nusu yake kitarudiwa.

Liko na somo la uongozi kutoka hukohuko. Chuo hichohicho cha UNISA kiliiondoa Kiafrikana kama lugha ya kufundishia kwa sera mpya, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikaona haikufanya hivyo kwa kufuata matakwa ya katiba. Sisi hatusemi lugha gani ingebaki. Tunasema uamuzi wa lugha katika chuo unahitaji ushahidi uliowekwa kwenye maandishi kabla ya kupitishwa, na ushahidi huo hukusanywa na watumishi wenye muda wa kuukusanya.

Tuje kwenye uongozi wenyewe, maana hapa ndipo kamusi nyingi zinapofia. Kikao cha istilahi kikiongozwa na mwenye cheo kikubwa kuliko wote, neno analolipenda yeye hupita. Si kwa ubaya. Kwetu mdogo hambishii mkubwa mbele ya watu. Mhariri kijana aliyesoma sentensi 40 zenye neno hilo ananyamaza, na neno lisilotumiwa na mtu yeyote linaingia kwenye kamusi. Dawa yake ni ya kiutaratibu. Pingamizi zote ziwe za maandishi, ndani ya siku 14, zikiambatana na ushahidi: sentensi, ukurasa, moduli. Kwenye kikao cha simu, saa moja kwa wiki, vitomeo visizidi 15, na wa cheo cha chini azungumze kwanza. Uamuzi uandikwe kwenye daftari la maamuzi pamoja na sababu yake, ili mwaka ujao asije mtu mwingine akaufungua upya kwa sababu tu hakuwepo.

Mhariri mkuu naye awe na ngazi isiyopungua mhadhiri mwandamizi. Mkuu wa kitivo hatatii barua ya mhadhiri msaidizi inayomtaka abadilishe istilahi kwenye moduli yake, hata kama barua ina haki. Na mhariri huyo afuate mpangilio unaojulikana na wote: kwanza, je, ipo istilahi iliyosanifiwa na inayotumika? Pili, moduli nyingi zinatumia ipi? Tatu, wenye kazi hiyo mtaani wanasemaje? Majibu yakigongana, moja linakuwa kidahizo na mengine yanabaki kama vielekezi vya "tazama". Kamusi ya masafa haifuti neno. Moduli iliyochapwa miaka sita iliyopita bado iko mikononi mwa mtu, na neno la zamani asipolikuta atadhani kamusi haina.

Hilo swali la tatu, la wenye kazi mtaani, hapa Tanga lina uzito wa pekee. Wavuvi wa pwani hii wana bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo: maneno mawili yanayobeba somo zima la mwezi, jua na kujaa kwa maji. Ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa tangu 2009, na elimu ya bahari inafundishwa. Tumeona tafsiri ya spring tide inayosema "mawimbi ya majira ya kuchipua" mahali ambapo bamvua ilikuwa inangoja. Anayesoma kilimo anaandikiwa "nyuzi za jani la katani" na wakati mashamba yote kuanzia Muheza hadi Korogwe husema singa za mkonge. Mwanafunzi aliyezaliwa kambi ya mkonge anashindwa kuitambua kazi ya baba yake ndani ya kitabu. Makosa ya namna hii hayarekebishwi hotelini. Mtu lazima aende Deep Sea kunapouzwa samaki, aende shambani, akae, aulize, aandike nani amesema na wapi.

Kuhusu Kisambaa, Kizigula na wenzao, tunawaomba msiahidi makubwa. Kufasiri vidahizo vyote 1,200 kwa lugha nne hakuna faida: neno la uhasibu likibuniwa kwa Kizigula leo halitamsaidia mtu ambaye hesabu zote amezisoma kwa Kiswahili. Anzeni na maeneo ambayo lugha hizi zina maneno yake tayari na yanayohitajika kazini: mimea, udongo, mazao, magonjwa, ardhi na mirathi. Bwana shamba na mwuguzi wanaosoma kwa masafa watayatumia siku hiyohiyo. Kila neno lipitiwe na wazungumzaji watatu wa sehemu tofauti, kwa kuwa wa Mlalo na wa Bumbuli hawasemi sawa kila kitu. Wazee hawa walipwe kwa saa kama wataalamu wengine, na waulizwe kama wangependa majina yao yaandikwe. Kumpa bibi soda na shukrani kwa asubuhi nzima ya kazi ni kumdhulumu. Programu za kutafsiri zisitegemewe hapa kabisa. Zimesoma maandishi machache mno ya lugha hizi, na pale zisipojua hubuni neno kwa ujasiri uleule.

Sasa mambo ya mikono, yale yanayoharibu kazi kimyakimya.

La kwanza ni jedwali la Excel. Mtu anataka kupanga safu ya Kiswahili kwa alfabeti, anachagua safu hiyo peke yake, anabonyeza kupanga. Kiswahili kinasogea, Kiingereza na Kisambaa vinabaki palepale. Kuanzia mstari huo kila neno lina fasili ya jirani yake, na faili likihifadhiwa na kufungwa, bila nakala rudufu hakuna namna rahisi ya kurudi. Kinga ni kumpa kila kitomeo namba yake ya kudumu, isiyofutwa wala kutumiwa tena hata kitomeo kikiondolewa, na kuhamia mapema kwenye programu ya kutungia kamusi. FieldWorks ni ya bure na inatosha kwa kuanzia. Nakala rudufu ichukuliwe kila siku, sehemu mbili.

La pili ni alama ya ng'. Simu nyingi huandika alama iliyonyooka. Programu ya kuandikia nyaraka huigeuza yenyewe ikawa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi mbili. Mwanafunzi anaandika ung'amuzi kwenye kisanduku cha kutafutia, anajibiwa hakuna matokeo, na neno limo. Fundi wa data aweke kanuni moja inayozilinganisha alama zote za namna hiyo kabla ya kutafuta, upande wa kamusi na upande wa anayetafuta. Ni kazi ya saa moja. Isipofanywa, kila neno lenye ng' limepotea.

La tatu ni maumbo. Mwanafunzi hatafuti kidahizo, anatafuta neno alilolikuta kwenye moduli: vigezo, nyuzi, yaliyotathminiwa. Kamusi ikiwa na kigezo, uzi na tathmini peke yake, mara tatu atarudi mikono mitupu. Kila kitomeo kibebe orodha ya maumbo yake: wingi, kutendwa, kutendewa, na yale yenye viambishi yaliyoonekana ndani ya moduli. Halafu mfumo uhifadhi kila neno lililotafutwa likakosekana. Kila mwezi mhariri achukue 50 yaliyokosekana mara nyingi zaidi, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwezi unaofuata. Hakuna ripoti ya warsha itakayowaambia mahitaji ya wanafunzi kwa uwazi kama orodha hiyo.

La nne ni moduli zilizoskaniwa. Nyingi ni picha za kurasa, haziwezi kutafutwa, na programu ya kusomea wasioona haisomi hata mstari mmoja. Zikigeuzwa kuwa maandishi kwa mashine, rn husomwa m na l husomwa 1. Tengeni saa za kusahihisha kabla ya kuhesabu maneno, la sivyo kongoo yenu, yaani mkusanyiko wa maandishi mnayoyachambua, itajaa maneno yasiyokuwepo duniani.

La tano, toleo lifungwe. Siku ya kwanza ya muhula kamusi inapewa namba na tarehe, na mpaka mtihani uishe hakuna istilahi inayobadilishwa. Mtunga mtihani atumie toleo hilohilo. Mabadiliko yanasubiri kwenye foleni. Tunalisisitiza hili kwa sababu madhara yake huangukia alama za mtu aliyelipa ada.

Kuhusu bando: vitomeo 1,200 vya herufi 900 kila kimoja havizidi sana megabaiti 1. Vinapakuliwa mara moja na kukaa kwenye simu bila intaneti. Sauti za matamshi ni jambo lingine. Sekunde 3 kwa ubora wa chini ni takriban kilobaiti 12, hivyo 1,200 ni kama megabaiti 14, na zipakuliwe kwa hiari. Kila kituo cha mkoa kiwe pia na nakala iliyochapwa, kwa kuwa wapo wasomao kwa taa na karatasi.

Maofisa Utumishi, sehemu hii ni yenu. Mtumishi hufanya kile kinachopimwa. Kazi ya kamusi isipoingia kwenye malengo yake katika PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, itafanywa usiku au haitafanywa. Vitomeo 100 kamili ni takriban saa 67 za kuandika peke yake, kabla ya mapitio. Vikipitiwa na wataalamu wawili wa nje, bodi ya kupandisha vyeo ivihesabu sawa na makala ya jarida. Mkataba wa mhariri wa lugha usiwe wa miezi mitatu mitatu. Mtu huchukua karibu miezi mitatu kuzoea mwongozo wa uhariri tu, na mnamwachia aondoke siku anapoanza kufaa. Mafunzo ya uongozi nayo yawafikie wahariri wakuu: pale Bagamoyo upo Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye uzoefu mrefu wa kuwafundisha viongozi wa elimu, na kozi fupi ya kuongoza timu ya lugha iliyotawanyika ingefaa kuombwa huko. Mhariri bora hujifunza kusoma sentensi; kugawa kazi, kukumbusha tarehe na kumwambia mkubwa "hapana" kwa adabu ni ufundi mwingine.

Tunachoomba kifanyike kwanza ni kidogo. Chagueni somo moja, na sisi tunapendekeza takwimu, kwa kuwa karibu kila kitivo kinalitumia na ndiko istilahi zinakogongana zaidi. Vidahizo 300. Kwa hesabu ile ya dakika 40, ni saa 200, siku 40 za mhariri mmoja, pamoja na saa 50 za mtaalamu wa somo. Hiyo inawezekana kabla ya muhula ujao. Barua ya uteuzi wa mhariri itaje jina lake, asilimia ya muda wake iliyotengwa, nani amechukua vipindi vyake, mahali data itakapohifadhiwa, kwamba pingamizi ni la siku 14 kwa maandishi, na kwamba baada ya hapo uamuzi ni wake. Barua isiyotaja nani amechukua vipindi vyake irudishwe kabla ya kusainiwa.

Mfano wa kitomeo kamili, kiolezo cha daftari la maamuzi na mwongozo wa uhariri tunavyo, na tuko tayari kuvileta ofisini kwenu siku mtakayotuita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wahariri wa kamusi, wahariri wa moduli na wakufunzi wa elimu ya masafa,
Tanga.